Mgonjwa Asicheleweshwe
Somo la mwezi: Marko 5:25–34



Twajifunza habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Mali yake yote ilikwisha kwa waganga, wala hakupata nafuu. Alimjia Bwana kwa nyuma, kwa hofu, kana kwamba aja kuiba. Lakini Bwana Yesu, ijapokuwa Yairo alimngojea kwa haraka, alisimama, akamsikiliza mpaka mwisho. Kwake mgonjwa hakuwa udhia.

Wanawake wa namna hii wako kwetu. Damu itokayo baada ya hedhi kukoma, au baada ya kukutana na mume, yaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi, nayo ndiyo saratani iwapatayo wanawake wengi zaidi katika Tanzania. Hukua polepole, kwa miaka. Ikionekana mapema, yatibika; ikiachwa, huenea. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria mwaka 1996, na wengi wa visiwani wamevuka bahari kuifuata kwa matibabu ya mionzi. Walakini wengi hufika ugonjwa umekwisha kuenea.

Sisi tulimzika mama mmoja aliyeambiwa mara tatu, "Rudi mwezi ujao." Alirudi nyumbani kimya, akidhani kuuliza ni utovu wa adabu. Nasi tuliomwombea kila Jumapili hatukumwuliza hata mara moja ameambiwa nini. Kosa hilo ni letu pia.

Basi, walimu, fundisheni haya:

1. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa ugonjwa wake kwa maneno anayoyafahamu, na siri yake itunzwe.

2. Ana haki ya kuuliza: Majibu ya kipimo ni siku gani? Barua ya kupelekwa mbele iko wapi? Nitapokewa lini?

3. Akicheleweshwa, na amwendee daktari dhamana wa hospitali, kwa upole bila hofu. Waganga ni wachache na kazi ni nyingi, tusiwatukane. Lakini kutibiwa kwa wakati si fadhili, ni haki.

4. Sala haishindani na dawa. Amwambiaye mgonjwa aache hospitali angojee muujiza, amjaribu Mungu.

Tukumbuke na wale wanne wa Marko 2 waliombeba mwenzao hata juu ya dari. Mmoja na amsindikize mgonjwa hospitali ya Wete. Wa pili achangishe nauli ya meli. Wa tatu awatunze watoto. Wa nne aandike siku aliyoahidiwa, aifuatie. Wala tusiulize dini yake; jirani zetu wengi ni Waislamu, na maumivu ni yale yale.

Maswali ya darasa: Ni nani katika mtaa wetu afichaye ugonjwa kwa haya? Ni nani aliyeambiwa arudi, naye hakurudi? Tutakwenda kwake siku gani?

Bwana atupe miguu ya kwenda mapema. Amina.