Mpini wa Kisu: Kwanza Tundu, Kisha Umbo



Vijana wa kalasi ya tatu wameniuliza mara nyingi kwa nini mu ateliye sikubali mtu aanze kukereza mpini wa kisu mbele ya kutoboa tundu lake. Wengine wanasema ni ukali wa kapita tu. Leo nitawajibu, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Wakati nilikuwa kalasi ya nne nilitengeneza mpini wangu wa kwanza. Ulikuwa wa mti wa mapera, mviringo kabisa, unang'aa sawa chupa. Marafiki wote waliusifu. Wakati wa likizo nikaupeleka nyumbani Kabambare, nikampa mama. Siku ya tatu alikuwa anapasua samaki, mikono imelowa. Kisu kikageuka ndani ya mkono wake, na kidole gumba kikakatwa vibaya sana. Mama hakunigombeza. Alifunga kitambaa, akasema: "Mwanangu, hii kisu yako iko muzuri kwa macho, lakini mukono haijue makali iko upande gani." Likizo yote niliwaza juu ya neno lile.

Kukereza ni kuzungusha mti na kuuchonga kwa chuma wakati unazunguka. Kazi hii ni ya zamani. Kule pwani, Lamu na Siyu, mafundi walikereza miguu ya vitanda. Fundi anayetumia uta anaizungusha kamba yake juu ya mti, anavuta mbele na nyuma kwa mkono mmoja, na mkono mwingine unashika patasi. Mti unakwenda na kurudi, basi patasi inakata wakati wa kwenda tu. Kiswahili chetu cha Kasongo kilifika na misafara ya karne ya 19 kwa njia ya Ujiji na Kabambare, kwa hiyo maneno ya ufundi wa pwani si mageni kwetu. Msuka ni ule mkia wa kisu unaoingia ndani ya mpini. Noleo ni pete ya chuma inayofunga shingo ya mpini, mti usipasuke.

Turu yetu hapa masomoni haina umeme, ni ya kinga. Gurudumu la nyuma limetolewa mpira, na kamba inatoka juu ya ringi yake mpaka kwenye puli ndogo inayozungusha mti. Wale wanaosema hesabu haina faida waangalie hapa. Meno ya mbele ni 44, ya nyuma ni 20. Mtu akikanyaga pedeli mara 50 kwa dakika moja, gurudumu linazunguka mara 110. Ringi iko na upana wa sentimeta 60, puli sentimeta 8. 60 ukigawanya kwa 8 ni 7.5. Basi mti unazunguka mara 825 kwa dakika. Ni mbio ya kutosha kwa mpini, na ni mbio ya kutosha kuvuta kravati yako mpaka shingo. Vua kravati, kunja mikono ya shati. Anayekanyaga asimame mara moja mwenzake akisema "acha".

Sasa mti. Kwetu mapera na mulimao ni mizuri: ni migumu, na nyuzi zake ni ndogo. Mpapai ni bure. Usitumie mti mubichi. Mti ukikauka unapungua, na haupungui sawasawa pande zote, kwa hiyo kitu ulichokereza duara kinakuwa sawa yai, tena kinapasuka. Pasua gogo kwa shoka, usilikate kwa msumeno, juu ya shoka linafuata nyuzi. Acha moyo wa mti nje, maana nyufa zinaanza pale. Paka nta ya nyuki kwenye ncha mbili, kisha weka vipande kivulini kwa miezi. Mimi naviweka juu ya dari ya jiko, moshi unasaidia.

Nyuma ya hayo ndiyo tunafika kwenye tundu. Mtu akikereza kwanza, kisha akatoboa, keekee inaweza kwenda upande kidogo bila yeye kuona. Hapo kisu kinakaa kombo, na upande mmoja wa mpini unabaki mwembamba. Huo ndio unapasuka. Lakini ukitoboa kwanza, ncha ya turu inaingia ndani ya tundu lenyewe, na mti unazunguka kwa kulifuata. Hata kama keekee ilikwenda kombo, mpini unachongwa kuzunguka pale tundu lilipo. Ndiyo sababu nakataza, hakuna nyingine.

Zungusha kwanza kwa mkono, uone kama mti haugusi kiegemeo cha patasi. Kiegemeo kiwe karibu, nafasi ya milimeta tatu hivi. Anza na patasi ya mfereji mpaka pembe zote ziishe, kisha chonga shingo ya noleo. Noleo tunakata kwenye bomba la pompi ya kinga iliyokufa. Shingo iwe kubwa kuliko pete kwa unene wa unywele, pete iingie kwa nyundo. Watu wengine wanaleta maganda ya risasi yaliyobaki tangu vita. Mimi siyataki mu ateliye, na mtu asiyaokote. Huwezi kujua ni lipi halijalia bado.

Nyuma ya kukereza, mpini uko duara, na hapo ndipo mimi nilikosa. Duara ni nzuri kwa mguu wa kiti, au kwa mpini wa tupa, juu ya tupa haina upande wa kuumiza. Kisu kiko na upande. Toa mpini kwenye turu, ufunge kwa jiliwa, upunguze mashavu mawili kwa randa au tupa mpaka uwe sawa yai: kama ulikuwa milimeta 30 pande zote, ubaki 30 kwa urefu na 22 kwa upana. Acha kisigino kinene kidogo nyuma, kisu kisiponyoke. Yai lisimame kwa mstari mmoja na makali. Angalia hilo mara mbili mbele ya kutia msuka.

Kutia msuka ni kazi ya moto. Funga bapa la kisu kwa kitambaa chenye maji, maana moto ukifika kwenye makali yanakuwa laini. Pasha msuka tu, uusukume ndani ya tundu, uchome nafasi yake. Usichome sana, makaa yakizidi kisu kinalegea. Toa, safisha makaa, tia ulimbo ulioyeyushwa pamoja na unga wa tofali, rudisha, ngoja ipoe.

Kwa kung'arisha, wengi wanapaka mawese kwa sababu yako karibu. Mawese hayakauki, yanabaki yananata, kisha yananuka. Nta ya nyuki ni bora: isugue juu ya mpini kwa nguvu mpaka mkono uwake moto, nta iingie ndani ya mti.

Mama anatumia mpini wangu wa pili mpaka leo. Ule wa kwanza umetundikwa karibu na mlango wa ateliye, na badala ya bapa nimetia kipande cha ubao. Ukija siku ya kazi ya mikono, lowesha mkono kwa maji ya sabuni, funga macho, ushike, kisha useme makali yako upande gani.

Kapita wa wanafunzi, kalasi ya 6