Ushuru wa Reli: Unavyokufikia Kitui na Makueni

Sweta ya mtumba inayouzwa Mwingi tayari imelipia reli. Muagizaji wake, hata akiwa Nairobi, alitozwa Ushuru wa Maendeleo ya Reli mzigo ulipoingia nchini. Kiwango ni asilimia 2 ya thamani ya forodha, yaani bei ya bidhaa pamoja na nauli ya meli na bima. Mzigo wenye thamani ya Sh1,000,000 hulipiwa Sh20,000. Muagizaji huongeza ushuru huo kwenye bei ya jumla, muuzaji wa rejareja naye akafanya vivyo hivyo, na anayemaliza deni ni mnunuzi. Mzigo unaopita tu kwenda Uganda au Rwanda hautozwi, kwa kuwa ushuru huu ni wa bidhaa za kutumika humu nchini.

Ulianza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5. Ulipanda, ukashushwa mwaka 2023, na tangu Desemba 2024 umerudi asilimia 2.

Pesa hizo hufanya nini?

Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu takriban Sh327 bilioni. Asilimia 90 ilikuwa mkopo wa Benki ya Exim ya China uliotiwa saini mwaka 2014. Iliyobaki ilitoka Kenya, na ushuru huu ndio uliotegemewa. Treni za mizigo zilianza kazi Januari 2018, na sasa ushuru husaidia kulipa mkopo wenyewe. Mwaka 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuweka mapato yake dhamana ili ipate fedha za kuifikisha reli Kisumu na Malaba kutoka Naivasha. Maana yake, pesa za miaka ijayo hupangiwa kazi kabla hazijakusanywa. Mwenye swali aulize mapema.

Na sisi je?

Makueni ina stesheni: Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Lakini treni za makontena huenda moja kwa moja kutoka bandarini hadi Embakasi au Naivasha. Mizigo ilipohamia reli na malori kupungua barabarani, waliokuwa wakiwauzia madereva chakula, vyumba na matairi Mtito Andei na Emali waliumia. Hilo halikuwekwa kwenye hesabu ya gharama za reli, nasi tunaona lilistahili kuwekwa. Kitui haina reli kabisa. Njia yake ya kuifikia ni barabara ya lami inayotoka Kitui mjini kupitia Mutomo hadi Kibwezi.

Kwa hiyo swali la kaunti hizi mbili ni moja: ndengu za Kitui na maembe ya Makueni yatapandia wapi? Bila ghala, mizani na, kwa maembe, chumba cha baridi karibu na stesheni, mkulima atabaki kuutazama mzigo wa wenzake ukipita.

Umuulize nani?

Usianze na MCA wala gavana. Katiba imeiweka reli chini ya serikali ya kitaifa, kwa hiyo wa kufuatwa ni mbunge wako, Wizara ya Uchukuzi na Shirika la Reli. (Barabara za kaunti zinazoelekea stesheni, hizo ni za gavana.) Makadirio ya bajeti hufikishwa Bunge la Taifa kufikia Aprili 30 kila mwaka, na Kamati ya Bajeti hulazimika kusikiliza wananchi. Maoni yanaweza kupelekwa kwa maandishi. Kikundi cha wakulima kikiandika barua moja yenye saini nyingi, ni rahisi kuliko kila mtu kusafiri Nairobi.

Ukitaka kujua ushuru umekusanya kiasi gani na umetumikaje, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua kuandika aeleze kwa mdomo, na afisa anapaswa kumwandikia. Kuwasilisha ombi hakulipiwi, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Likikosekana, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala.