Kujifunza Tambi za Mkono Bologna

Bologna, mji mkuu wa mkoa wa Emilia-Romagna kaskazini mwa Italia, ndio mji unaomfaa zaidi msafiri anayetaka kujifunza kupika tambi kwa mikono yake mwenyewe. Roma na Florence nazo zina madarasa tele, ila huko somo moja huokota hiki na kile: kitangulizi, tambi, kitindamlo, na mwanafunzi huondoka amegusa vyote bila kushika hata kimoja. Bologna ina kazi yake inayojulikana kwayo, sfoglia, yaani manda pana ya unga wa ngano na mayai inayosukumwa kwa mti mrefu juu ya ubao. Wanawake wenye ufundi huo huitwa sfogline, na katika baadhi ya maduka ya katikati ya mji huonekana dirishani wakiwa kazini tangu asubuhi. Inafaa mgeni awatazame kwa dakika chache kabla ya siku ya darasa, hasa jinsi viganja vyao vinavyokwenda.

Kufika si kazi. Kutoka uwanja wa ndege wa Guglielmo Marconi, treni ya juu iitwayo Marconi Express hufika stesheni kuu kwa takriban dakika 7. Treni ya mwendo kasi kutoka Florence huchukua chini ya dakika 40, na kutoka Milano kama saa moja, kwa hiyo hata aliyefikia Florence anaweza kuja kwa somo na kurudi siku hiyohiyo. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya na Uganda huhitaji viza ya Schengen. Kwa somo la saa chache, ile ya kawaida ya utalii inatosha.

Madarasa ni ya aina mbili kuu. Zipo shule za mapishi, nyingine zikiwafundisha pia watu wanaotaka kuifanya kazi hii kuwa riziki yao. Na wapo wapishi wa nyumbani wanaopokea wageni jikoni kwao. Mtandao maarufu wa wapishi hao, Cesarine, ulianzia Bologna mwaka 2004. Mwenye muda zaidi aende Forlimpopoli, mji mdogo alikozaliwa Pellegrino Artusi, mwandishi wa kitabu cha mapishi cha mwaka 1891 ambacho hadi leo kimo katika nyumba nyingi za Italia. Huko ipo Casa Artusi, kituo cha mapishi ya nyumbani chenye shule yake.

Kabla ya kulipa, lipo swali lenye uzito kuliko bei: je, kila mwanafunzi atakuwa na ubao wake, mti wake na donge lake la unga? Darasa la watu 20 na mwalimu mmoja ni la kutazama tu. Swali la pili ni kama unga utasukumwa kwa mti au kwa mashine. Mashine haina ubaya, lakini hakuna haja ya kusafiri mpaka Bologna kwa ajili ya kuzungusha mkono wa mashine. Somo la saa tatu au nne, pamoja na chakula chake, kwa kawaida hugharimu kati ya euro 70 na 150 kwa mtu; la faragha huzidi hapo. Mengi huanza saa nne asubuhi au saa kumi na moja jioni, ambazo kwenye tiketi huandikwa 10:00 na 17:00. Katikati ya Agosti ni wakati wa kuepuka, kwani sikukuu ya Ferragosto, tarehe 15, hufungisha maduka na shule nyingi.

Siku ya somo, pete na bangili hubaki hotelini, kucha huwa fupi na nywele hufungwa. Kipimo ni chepesi kukumbuka: gramu 100 za unga laini uitwao 00 kwa kila yai, bila maji wala mafuta. Unga hurundikwa ubaoni, hufukuliwa shimo katikati, na mayai huvunjwa humo. Huvurugwa kwa uma huku unga wa kingo za ndani ukivutwa kidogo kidogo, maana kingo zikibomoka mapema yai hukimbilia pembeni ya ubao. Kisha hukandwa kwa kitako cha kiganja dakika 10 hadi 15, mpaka donge linakuwa nyororo na likibonyezwa kwa kidole linarudi. Hufunikwa na kupumzishwa nusu saa. Kupumzisha huku kusikatwe, kwani unga usiopumzika hujivuta kila unaposukumwa.

Kwenye kusukuma, aliyekulia kwenye chapati ana pa kuanzia na ana la kuacha. Chapati hukandamizwa kwa mti mfupi na uzito wa mikono. Mattarello, mti wa Bologna, una urefu unaokaribia mita moja. Unga huviringwa juu yake, na viganja huteleza kutoka katikati kwenda pembeni huku vikiutandaza. Nguvu hupungua, mwendo huongezeka. Ubao nao huwa wa mti kwa sababu: uso wake huipa manda ukwaruzo mdogo unaoshika mchuzi. Wenyeji husema sfoglia imekamilika ikiinuliwa kwenye mwanga na kanisa la San Luca, lililo kilimani nje ya mji, likaonekana ng'ambo yake.

Manda ikishakauka kidogo, hukunjwa na kukatwa kwa kisu kuwa tagliatelle. Upana wake una kumbukumbu rasmi: tarehe 16 Aprili 1972, taasisi ya mapishi iitwayo Accademia Italiana della Cucina iliuandikisha katika Chemba ya Biashara ya Bologna kuwa milimita 8 tambi ikishaiva, sawa na sehemu moja ya 12,270 ya urefu wa mnara wa Asinelli ulio mjini humo. Mchuzi wake ni ragù ya nyama ya ng'ombe, kitunguu, karoti, seleri na nyanya kiasi, nao uliandikishwa mwaka 1982. Spageti ya bolognese inayouzwa duniani kote haina mizizi katika mji huu.

Tortellini ni ngumu zaidi. Vipande vya mraba vya kama sentimita 3 hujazwa, hukunjwa pembetatu na kuzungushwa kwenye ncha ya kidole, tena haraka kabla kingo hazijakauka na kukataa kushikana. Mwanafunzi wa siku ya kwanza atatoa chache, nyingine zimepinda, na hilo ni la kawaida.

Hapa msafiri Mwislamu anahitaji kuwa makini. Ndani ya tortellini za asili mna nyama ya nguruwe ya aina tatu: ya mgongo, prosciutto na mortadella, pamoja na jibini ya Parmigiano Reggiano, yai na kungumanga. Ragù ya kimila hutiwa pancetta, ambayo pia ni nguruwe, na mvinyo. Tortelloni zilizo kubwa zaidi hujazwa jibini laini ya ricotta na pasli, na huliwa kwa siagi na majani ya salvia. Nazo zinafunza ufundi uleule. Parmigiano hugandishwa kwa kimeng'enya kutoka tumbo la ndama, hivyo anayezingatia uchinjaji hadi kwenye jibini aombe mbadala. Maneno "senza maiale, senza alcol", yaani bila nguruwe, bila pombe, yaandikwe wakati wa kuweka nafasi, kwa kuwa nyama na mchuzi hutayarishwa kabla wageni hawajafika.

Mattarello ndiyo zawadi yenye manufaa zaidi ya kurudi nayo. Iingizwe kwenye mzigo wa chini ya ndege, maana mti wa urefu huo huweza kuzuiwa kwenye ukaguzi. Kuhusu unga wa kupikia nyumbani, huko Malindi na Watamu, kwenye pwani ya Kenya, ambako Waitaliano wameishi kwa miongo mingi, bidhaa za kwao hupatikana madukani. Kwingineko unga mweupe wa ngano usiotiwa hamira hufaa. Mayai yapimwe kwenye mizani. Kipimo cha Bologna kinategemea yai la takriban gramu 60 pamoja na ganda, na la kuku wa kienyeji huwa dogo kuliko hapo, ingawa kiini chake cha manjano iliyokolea ndicho hasa kinachotakiwa. Katika unyevu wa pwani tambi hukawia kukauka na huweza kuota ukungu, hivyo zinyunyiziwe unga, zigandishwe siku hiyohiyo, na siku ya kupikwa zitiwe kwenye maji yanayochemka bila kuyeyushwa kwanza.