Chumvi ya Uvinza na Mishipa ya Kijana

Katakata nyanya na vitunguu vya kachumbari, nyunyizia chumvi, kisha liache bakuli dakika kumi. Ukirudi utakuta maji chini, na hakuna aliyeyamimina. Yametoka ndani ya nyanya. Palipo na chumvi nyingi maji hufuata, na ukilielewa hilo umeelewa nusu ya habari ya kiharusi.

Zamani chumvi ilikuwa mali huku magharibi mwa Tanzania. Ilichemshwa Uvinza, kwenye chemchemi zilizo karibu na mto Malagarasi, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya kazi hiyo yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Ilisafiri mabegani mwa wapagazi hadi Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, siku nyingi za mwendo. Kitu cha namna hiyo hutiwa mbogani kwa kudokoa. Leo pakiti zake zimejaa kila duka la Tabora, na kijana hunyunyizia chipsi zake kabla hajazionja.

Tuifuate chumvi hiyo mwilini. Ikiingia kwenye damu, kiu hukushika, unakunywa maji, nayo damu huyashikilia. Kazi ya figo ni kutoa kilichozidi. Zikielemewa kila siku, damu huongezeka ndani ya mishipa ileile, na presha hupanda. Ukuta wa mshipa hujihami kwa kunenepa na kukakamaa. Inayoumia zaidi ni ile mishipa myembamba iliyo ndani kabisa ya ubongo: mmoja huziba, mwingine hupasuka. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna ghala. Sehemu iliyokosa damu huanza kufa baada ya dakika chache. Hicho ndicho kiharusi.

Wengi husema presha ni ya wazee. Si kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia vijana wa Kiluo, wa miaka 15 hadi 34, waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kuhamia Nairobi. Muda mfupi baada ya kufika, presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi na potasiamu kidogo. Potasiamu huisaidia figo kutoa chumvi. Imo kwenye maharage, ndizi na viazi vitamu, hata vile tunavyovikausha kuwa matobolwa.

Chumvi si mkosaji pekee. Selimundu, valvu za moyo zilizoharibika, virusi vya UKIMWI na sigara navyo huwaangusha vijana. Ila presha ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na haiumi.

Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kisichofika kijiko cha chai, kwa vyakula vyote. Mdomo wa mtu ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, tafadhali msiseme karogwa. Andikeni saa ilipoanza, mkimbizeni hospitali: dawa ya kuyeyusha donge la damu hutolewa ndani ya saa nne na nusu, baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba hakuna mshipa uliopasuka. Na wewe wa miaka 25 ambaye hujawahi kupimwa presha, pita zahanati wiki hii. Ukiambiwa 140 kwa 90, rudi upimwe tena.