Kutoka Mokambo hadi Pune: vidokezo kwa anayetaka kusomea sinema Asia

Unaishi Mokambo, kwenye mpaka wa Kongo na Zambia, unapiga video za malori ya shaba yanayongoja kuvuka kwenda Mufulira, na moyo umeshaamua kwamba sinema ndiyo kazi. Asia kuna shule nzuri za fani hii, na serikali kadhaa za huko husomesha wageni kwa ufadhili. Maandalizi yake, hata hivyo, huanzia hapa hapa mpakani.

1. Omba ukiwa na filamu mkononi. Shule hutaka kuona jicho lako kabla ya kukukabidhi kamera kubwa. Dakika tano za simu zatosha, mradi ziwe na kisa na sauti inayosikika vizuri. Watazame Frank Mukunday na Tétshim wa Lubumbashi. Walijifunza uhuishaji wenyewe, wakatumia mawe na chaki kutengeneza Machini (2019), filamu fupi kuhusu watu wanaoishi kando ya viwanda vya madini, na ikaonyeshwa katika matamasha ya nchi mbalimbali. Mawe unayo, na visa unavyo: wabadilisha fedha, madereva wanaolala chini ya malori, akina mama wanaovusha unga. Mwalimu wa Pune au Beijing hajawahi kuyaona hayo. Mwonyeshe hayo, usimpelekee nakala ya filamu za kwao.

2. Ijue shule kabla ya kuipenda. FTII, taasisi ya filamu na televisheni ya Pune, India, ilianzishwa mwaka 1960 katika studio za zamani za Prabhat. Kozi zake kuu zinadai shahada ya kwanza, kwa hiyo mwenye diploma ya Examen d'État peke yake amalize kwanza licence. Chuo cha Filamu cha Beijing kipo tangu 1950, na Zhang Yimou na Chen Kaige walitoka hapo. Anayekwenda kule ajiandae kujifunza Kichina kwanza. Shule za binafsi zinazojiita za kimataifa ni nyingi. Kabla ya kulipa hata dola moja, uliza kama cheti chake kinatambuliwa na serikali ya nchi ile. Kisha mtafute mwanafunzi Mwafrika aliyeko pale, umuulize anashika kamera mara ngapi kwa wiki. Mimi ningeliamini jibu lake kuliko tangazo lolote.

3. Fuata ufadhili wa serikali. India inao kupitia ICCR, China inao wake, Korea Kusini ina GKS ambayo kwa kawaida huanza na mwaka mmoja wa Kikorea, Japani ina MEXT. Balozi za nchi hizo ziko Kinshasa, basi hesabu pia nauli na siku za kufuatilia.

4. Makaratasi yachukue mapema. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa, diploma na alama zake, vyote vikiwa na tafsiri ya Kiingereza iliyogongwa muhuri. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau kamwe: India humweka karantini anayetoka Kongo bila kadi, na chanjo yenyewe huhesabiwa baada ya siku 10.

5. Tumia mpaka kujifunza Kiingereza. Kibemba unakisikia pande zote mbili, lakini Mufulira wanafunzi wa madarasa ya juu wanasoma kwa Kiingereza. Tafuta rafiki wa huko, mtazame filamu pamoja, kisha mzijadili kwa lugha hiyo.

6. Zungumza na wazazi kwa heshima na kwa mifano. Baba akiuliza kama sinema inalisha, mweleze kuhusu wahariri, mafundi sauti na wapiga picha wa harusi na wa makampuni ya migodi. Mweleze pia kuhusu mtengeneza filamu Dieudo Hamadi wa Kisangani, aliyeanza na masomo ya udaktari. Filamu yake ya mwaka 2020, En route pour le milliard, kuhusu majeruhi wa vita vya siku sita vya Kisangani walioshuka mto hadi Kinshasa kudai fidia, ilichaguliwa na tamasha la filamu la Cannes. Mzee atakuwa na swali la pili. Mjibu hilo pia.

7. Rekodi kabla ya kupanda ndege. Sauti za foleni, za soko, za bibi akisimulia: ukiwa mbali, utazihitaji kwa filamu ya mwisho wa masomo. Omba idhini ya kila unayemrekodi, andika jina lake na tarehe, tunza nakala mbili, na moja iache nyumbani kwa dada unayemwamini.