Mafuta Yasiyokuwamo Ndani ya Jiwe

Mwaka wa pili niliulizwa darasani: mwambatope wa mafuta una mafuta kiasi gani ndani yake? Nikaandika asilimia, tena kwa kujiamini. Nikapata sifuri. Alhamdulillahi lilikuwa zoezi tu, si mtihani. Ndugu msomaji, nakueleza nilichokosea ili nawe usianguke palepale.

Ndani ya mwamba huo hamna mafuta ya kuchuruzika. Mna kerojeni, yaani mabaki ya miani na viumbe wengine wa kale yaliyogeuka kuwa kitu kigumu, kisichoyeyuka katika vimumunyisho vya kawaida vya maabara. Ukiupasha mwamba joto la nyuzi 500 hivi za Selsiasi bila hewa, kerojeni hukatikakatika. Mvuke hutoka, na ukipozwa ndipo mafuta yanapozaliwa.

Hapa ndipo kemia inaponoga. Mnyororo mrefu wa kaboni ukikatika, haidrojeni haitoshi kufunga ncha zote. Kipande kimoja hujipatia haidrojeni kikawa alkani. Kingine hubaki na bondi maradufu, nayo ni alkeni. Ndiyo maana kwenye kromatografia ya gesi vilele huja viwili viwili: alkeni na alkani zenye idadi moja ya kaboni, kisha jozi yenye kaboni moja zaidi. Mafuta ghafi ya visimani, kama haya yetu ya Ziwa Albert, kwa kawaida karibu hayana alkeni kabisa. Na alkeni ndizo zinazoyafanya mafuta ya mwamba yatoe utomvu kama gundi yakikaa ghalani.

Zipo pia haidrokaboni za pete. Mengine hutegemea jiwe lenyewe. Mafuta ya Green River, Marekani, yana naitrojeni karibu asilimia 2 kwa uzito, nayo huharibu vichocheo vya kiwandani. Ya Jordan yana salfa nyingi. Ya Estonia yana fenoli, na wenyewe huzitenga wakaziuza.

Kwa hiyo mafuta haya hutiwa haidrojeni kwa joto na shinikizo kubwa: bondi maradufu zifungwe, naitrojeni itoke kama amonia, salfa kama haidrojeni salfaidi. Haidrojeni hiyo ni ghali. Rafiki yangu wa uchumi hushikilia kwamba nchi yenye mwamba huu tayari ina utajiri wa mafuta. Nimemuuliza haidrojeni itatoka wapi, na kwa bei gani. Bado anapiga hesabu.