Dawa ya U.T.I. na funga: dozi ya mchana isirukwe

Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo siku hizi mitaani kila mtu anayaita U.T.I., hayasubiri Ramadhani iishe. Mama au dada anaanza kusikia mkojo unachoma, anakwenda msalani kila mara na kutoa matone tu, na chini ya kitovu panauma. Anapewa dawa ya siku tano. Kwa kuwa amefunga, anameza ya futari na ya daku, ya mchana anaiacha. Siku ya tatu maumivu yamepungua, naye vidonge vilivyobaki anaviweka kabatini.

Hapo ndipo penye tatizo. Wadudu wengi wanaoleta maradhi haya ni bakteria wa kawaida wa utumbo mkubwa, E. coli. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, sentimita nne hivi, na mlango wake uko karibu na haja kubwa, ndiyo maana wanawake huugua zaidi. (Watoto wa kike wafundishwe mapema kustanji kuanzia mbele kwenda nyuma.) Dozi zikirukwa, dawa hupungua kwenye mkojo, na wale bakteria wagumu hubaki na kuzaana. Maradhi yakirudi, dawa ileile huenda isifanye kazi tena.

Tuchukue mfano wa nitrofurantoini, ambayo kwenye pakiti huandikwa Nitrofurantoin. Ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la antibayotiki za kuanza nazo kwa maambukizi ya kibofu. Iko ya aina mbili. Ile inayoyeyuka taratibu kwa kawaida humezwa miligramu 100 kila baada ya saa 12. Ile ya kawaida humezwa mara nyingi zaidi, kwa mfano miligramu 50 kila baada ya saa 6. Kwa hiyo mwambie daktari mapema kwamba umefunga. Ya mara mbili kwa siku inaweza kupangwa wakati wa futari na daku. Ya mara nne haiwezekani, na usijaribu kuigeuza kwa kumeza viwili viwili usiku. Kama ndiyo pekee iliyopatikana, au kama una homa na kiu kali, basi wewe ni mgonjwa, na mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku hizo baadaye. Ruhusa hiyo imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185.

Dawa hii imezwe pamoja na chakula. Tumboni mwenye njaa huleta kichefuchefu, na chakula huisaidia kuingia mwilini vizuri. Basi usiimeze kwa tende moja na maji ukaenda kuswali. Ngoja ukae kwenye futari yenyewe. Na vile vidonge vyeupe vya kiungulia vya magnesiamu, ambavyo wengi wetu huvitafuna baada ya kula vya kukaangwa, usivichanganye nayo, kwani huizuia isifyonzwe.

Mkojo wako utageuka njano iliyokolea au kahawia. Usishtuke, ni rangi ya dawa. Lakini mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, na macho yakawa manjano, ukaishiwa nguvu na kupumua kwa shida, acha dawa uende hospitali siku hiyohiyo. Wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na katika Afrika ya Mashariki si wachache. Kwao dawa hii huvunja chembe nyekundu za damu. Ukijua kuna mtu wa damu yako aliyewahi kupatwa na hali hiyo kwa dawa fulani, sema kabla hujaandikiwa. Kikohozi kikavu kinachoanza ghafla na homa, au ganzi ya miguu, navyo ni sababu ya kuiacha na kurudi kwa daktari.

Mwenye figo dhaifu haimfai. Mjamzito aliyekaribia kujifungua asiitumie, kwa ajili ya damu ya mtoto, wala anayenyonyesha kichanga cha chini ya mwezi mmoja. Hata hivyo mjamzito asikae na U.T.I. bila tiba, maana huweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Zipo dawa nyingine zinazomfaa.

Aidha, si kila mkojo unaochoma ni U.T.I. Yapo magonjwa ya zinaa yanayoanza hivyohivyo, na aibu isikufanye ukanunua dawa dukani kimyakimya. Kijana wa Unguja, Pemba au kando ya Ziwa Victoria anayekojoa damu apimwe kichocho, kwani antibayotiki haikitibu kichocho hata akimaliza pakiti kumi. Mwanamume na mtoto mdogo wapelekwe kupimwa, wasipewe masalio ya mama.

Ukiona homa ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, au unatapika, huenda maambukizi yamepanda kwenye figo. Nitrofurantoini hufanya kazi ndani ya mkojo, haifiki vya kutosha kwenye nyama ya figo. Hiyo ni ya hospitali, na saumu ifunguliwe.

Na kama U.T.I. imekurudia mara tatu ndani ya mwaka, usirudi dukani na pakiti tupu kuomba ileile. Omba mkojo uoteshwe maabara, ili ijulikane ni bakteria gani na ni dawa ipi inayomuua. Chukua mkojo wa katikati, yaani wa mwanzo uumwage kwanza, kabla hujameza kidonge chochote.